Nyasi za Nyuma ya Tangi

Likizo ya Agosti ilimkuta Mwalimu Elsie na marundo manne ya karatasi za mtihani wa kemia. Mwaka mwingine wowote angefunga mkoba siku ile ile shule inapofungwa, akapanda kwao Mwanda kumsaidia mamake shambani. Mwaka huu aliona heri abaki Voi asahihishe kwa utulivu kwenye fleti yake ya orofa ya pili. Meza akaitoa nje kwenye roshani apate upepo, na ni hapo shaka ilipoanza kumwingia rohani.

Fleti zenyewe ziliitwa Bogenvilia Gardens. Zilikuwa majengo matatu yaliyozunguka kiwanja kikubwa, na kilichowavuta wapangaji wengi ni kile kiwanja. Katika mji wa vumbi jekundu kama Voi, kupata mahali penye nyasi zilizokatwa, ua wa miti ya kayaba ulionyooka na mibogenvilia iliyopunguzwa vizuri halikuwa jambo dogo. Mtunza bustani, Mzee Muinde, alikuwa Mkamba mmoja mwembamba wa maneno machache, na kwa miaka mitano kazi yake haikuwahi kulalamikiwa.

Kisha ukaja mwezi wa Juni, na bustani ikaanza kuharibika. Mzee Muinde aliendelea kufagia langoni na kupogoa maua ya mbele, lakini kutoka kwenye tangi la maji hadi ukuta wa nyuma hakugusa tena. Nyasi zilipanda zikafika magotini, zikapita kiunoni, na mvua ilipoisha zikakauka zikasimama wima kama ukuta. Ua wa kayaba ukajitanua hovyo. Huko nyuma kabisa kulikuwa na kibanda cha pampu, ambacho hakikuwa na kazi tangu kisima kilipokauka, na sasa hata paa lake halikuonekana.

Wapangaji walilalamika kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Mmoja alisema mbu, mwingine akasema moto: mtu akitupa kiberiti tu, tumekwisha. Gibson, ajenti wa mwenye nyumba, alijibu kila mara kwa sentensi moja: suala linashughulikiwa. Halafu asubuhi moja Bi Mwanatumu, mama wa makamo aliyekaa nyumba ya chini na kushona mabuibui ya harusi, alifungua mlango akakuta gamba la nyoka limelala kwenye zulia lake la kufutia miguu.

"Njoo uone, mwalimu," alimwita Elsie. "Wallahi hili ni la kifutu. Tazama unene wake."

Elsie alishuka, akalitazama, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Muinde aliyekuwa akifagia majani langoni.

"Mzee, zile nyasi za nyuma utakata lini?"

"Mashine iliharibika, madam."

"Mbona hata fyekeo unalo? Si hilo hapo."

Mzee alilitazama fyekeo lake kama mtu aliyeletewa kitu cha jirani. "Kule iko nyuki," alisema. "Nyuki mbaya sana. Wacheni tu."

Mwalimu Elsie alikuwa amesimamia mitihani kwa miaka kumi na saba. Alijua mwanafunzi aliyeficha mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia majibu, kwenye soksi anavyokaa: hatazami soksi kamwe. Na Mzee Muinde, alipokuwa akieleza habari za nyuki, alitazama lango, akatazama mbingu, akatazama viatu vya mwalimu. Hakugeuza macho hata mara moja kuelekea nyuma ya tangi.

Alipanda juu, akapiga picha kutoka roshani: mzee ameegemea fyekeo, na nyuma yake nyasi zimesimama kumzidi kimo. Akaituma kwenye kikundi na maneno haya: Huyu ndiye mtunza bustani wetu Mzee Muinde, Bogenvilia Gardens, Voi. Hizi ndizo bustani. Watu wakaicheka siku nzima.

Tangu hapo akawa hasahihishi karatasi tano bila kuinua kichwa. Aliona kwamba kila saa nne asubuhi mzee hubeba mtungi wa maji akapotelea nyuma ya tangi, na mtungi hurudi mtupu. Kule hakukuwa na ua hata moja la kumwagilia. Aliona kwamba hapiti njia moja mara mbili. Leo ataambaa na ukuta, kesho atazunguka upande wa ua, kana kwamba hataki nyayo zake ziache mkondo kwenye nyasi. Siku nyingine alichukua na mfuko wa karatasi, na Elsie, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai kimepoa mkononi, aliona wazi mkate ukichungulia. Nyuki hakumwona hata mmoja.

"Anapanda bangi," alimwambia Bi Mwanatumu. "Nakwambia. Maji yote hayo ya nini?"

Bi Mwanatumu alikuwa akitia uzi kwenye sindano. "Na mkate je? Bangi yala mkate?"

"Basi ana mtu anayemlindia. Au ni mali ya wizi. Umesahau zile betri za sola zilizopotea jengo la tatu?"

"Sikusahau. Lakini mzee wa watu usimsingizie, mwanangu. Ushamwona kwa macho yako?"

"Sijamwona. Ndiyo maana nataka paangaliwe."

Alimpigia Gibson siku hiyo hiyo, akamweleza yote. Sauti ya Gibson ilikuwa imechoka hata kabla ya kusikiliza. Alisema atatuma mtu aje atazame.

Alhamisi, mchana wa jua kali, Elsie alikuwa akirudi kutoka dukani na maziwa alipomkuta kijana amesimama langoni. Alikuwa amevaa shati safi la mikono mirefu, na kwenye kidole alikuwa akizungusha ufunguo wa pikipiki. Alimsalimia kwa adabu sana.

"Shikamoo, madam. Samahani, hapa ndipo anapofanya kazi Mzee Muinde?"

"Ni hapa. Umetumwa kuhusu bustani?"

Kijana aliusimamisha ufunguo, kisha akatabasamu. "Ndiyo. Kuhusu hiyo bustani."

Elsie alifurahi. Hatimaye kuna mtu amechukua jambo hili kwa uzito. Akamwaga yote aliyokuwa nayo: maji ya saa nne, mkate, kibanda cha pampu kisichoonekana, na kwamba mzee hutoka kazini saa kumi na moja jioni na kesho yake, Ijumaa, huwa ni zamu yake ya kwenda kununua vifaa mjini. Kijana alisikiliza kila neno. Aliuliza swali moja tu.

"Hapo nyuma pana lango lingine?"

"Hapana. Ni ukuta."

"Sawa, madam. Nitarudi Jumamosi na wenzangu tupasafishe. Lakini usimwambie mzee, asije akaondoa vitu."

Aliondoka. Elsie alipanda ngazi, akafika orofa ya kwanza, akasimama. Kuna kitu kilikuwa kimemkaa vibaya na hakujua ni nini. Akakipata alipoweka maziwa mezani. Yule kijana alitumwa kutazama nyasi, na nyasi zilionekana wazi kutoka pale langoni, zimempita kimo. Hakuzitazama hata kidogo.

Alimpigia Gibson.

"Nimtume nani?" Gibson alisema. "Mwalimu, mimi niko Taveta tangu jana. Sijatuma mtu yeyote."

Elsie alikaa kitini.  Kisha akavaa buti zake za mvua, zile za kwendea shambani Mwanda, akachukua mpini wa fagio, akashuka.

Nyasi zilikuwa kali kuliko zilivyoonekana kutoka juu. Zilimkwaruza mikono na kupiga kelele kila alipokanyaga, na kila kelele aliidhania kifutu. Alitanguliza ule mpini, akipigapiga chini, hatua kwa hatua. Alipolipita tangi alisikia kitu kikamfanya asimame. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, kikakatika ghafla kama cha aliyezibwa kwa titi.

Mbele ya kibanda cha pampu palikuwa pamefyekwa kiasi cha mkeka mmoja tu, na pamefagiwa. Kamba ilikuwa imefungwa kati ya dirisha na mkayaba, na juu yake zilianikwa nepi nne za kitambaa. Palikuwa na jiko dogo la makaa na sufuria iliyosuguliwa ikang'aa. Mlangoni alisimama msichana wa miaka ishirini hivi, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, na mtoto kamshika kwa mkono wa kulia. Alikuwa amejibana kwenye mwimo wa mlango.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Mimi naishi hapa, orofa ya pili. Naitwa—"

"Wewe ndiye unakaa kwa roshani. Unatuangalia kila siku."

"Nilikuwa..." Elsie aliushusha mpini wa fagio. "Wewe ni nani yake mzee?"

 Macho ya msichana yalikuwa yakipita begani kwa Elsie, yakitafuta kama kuna mwingine anakuja.

"Sikiza," Elsie alisema. "Kuna kijana amekuja langoni sasa hivi. Alikuwa anamuulizia Mzee Muinde. Mrefu, mweupe kidogo, ana kovu hapa kwenye nyusi. Ana ufunguo wa pikipiki, haachi kuuzungusha."

Uso wa yule msichana ulibadilika. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, polepole, na mtoto wake.

"Ni Sylus," alisema. "Umemwambia nini?"

Elsie angeweza kusema uongo. Kwa muda mfupi aliutamani. "Nimemwambia yote," alisema.

Nyuma yake nyasi zilipiga kelele. Mzee Muinde alikuwa amefika, mtungi mkono mmoja na fyekeo mkono wa pili. Aliwatazama wote wawili, akauweka mtungi chini. Fyekeo hakuliweka.

"Mwalimu, nilikuambia iko nyuki," alisema.

Ilikuwa kazi kumfanya asikilize, na kazi zaidi kumfanya aseme. Lakini Elsie alirudia habari za kijana wa langoni, na mzee alipolisikia jina la Sylus ndipo alipoanza kueleza, kwa vipande, huku macho yake yakiwa kwenye nyasi. Msichana yule, Abby, alikuwa bintiye wa mwisho. Alikuwa ameolewa Taveta na huyo Sylus, mwendesha bodaboda. Mwanzoni palikuwa pazuri. Alipopata mimba yakaanza makofi, na mtoto alipozaliwa ndipo akamvunja mkono. Abby aliwaendea wazee wa ukoo wa mume, nao wakamwambia arudi nyumbani kwake akaitengeneze ndoa yake. Akakimbia na mtoto mgongoni. Kwao Kibwezi ndiko Sylus alikomtafuta kwanza, akawavunjia mlango. Basi mzee akamleta hapa, maana Sylus hakujua baba mkwe anafanya kazi wapi. Alijua ni Voi tu.

"Sasa amejuaje?" Elsie aliuliza.

Mzee Muinde alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. Akatoa simu yake mfukoni, akaibonyeza kwa kidole kigumu, akamwonyesha. Ilikuwa picha ya mzee ameegemea fyekeo mbele ya nyasi. Jina lake lilikuwa hapo, la fleti lilikuwa hapo, na la mji pia.

"Hii ilizunguka mpaka Taveta. Ndugu yangu wa huko alinirushia jana. Watu wanacheka."

Elsie alisoma maneno yake mwenyewe.  Aliwahi kukosea maishani, lakini hakuwahi kuliona kosa lake limerudi likiwa na mtoto mchanga na mkono wenye plasta.

"Amesema atakuja Jumamosi," alisema. "Mimi nadhani atakuja kesho. Nilimwambia kesho huwa unaenda mjini."

Walikwenda kwa Bi Mwanatumu kwa sababu mlango wake ndio uliokuwa karibu. Bi Mwanatumu aliwasikiliza akiwa amesimama, akamtazama Abby juu hadi chini, akatandika shuka kwenye kochi.

"Mtoto huyu ana joto," alisema. "Kwanza mnywesheni maji. Maneno baadaye."

Maneno yalipokuja hayakuwa rahisi. Elsie alipendekeza Abby apelekwe kwa mama yake yeye Elsie, Mwanda, juu milimani, ambako hakuna mtu wa Taveta anayemjua na hakuna mgeni anayepita bila kijiji kizima kumwuliza anakwenda kwa nani. Mzee Muinde alitikisa kichwa.

"Nitajuaje?"

"Utajuaje nini?"

"Wewe umetuangalia siku zote hizi. Umeniweka kwa simu. Umemwambia yule mtu kila kitu. Sasa unataka nikupatie mtoto wangu umpeleke mahali sijui. Nitajuaje kama si mtego?"

Halikuwa swali la hasira. Alitaka jibu kweli. Elsie akapiga simu kwa mamake, akampa mzee aongee mwenyewe. Waliongea robo saa, yeye kwa Kiswahili chake cha Kikamba, mama kwa Kiswahili chake cha Kidawida. Mzee akauliza mama ana watoto wangapi, anaabudu kanisa gani, nyumba ina milango mingapi. Mwisho akairudisha simu, akamgeukia Bi Mwanatumu.

"Mama, ukienda wewe naye, mimi nitakubali."

"Nina buibui la bibi harusi la kumaliza," alisema Bi Mwanatumu. Akalitazama lile vazi jeusi lililoning'inia kwenye mashine, akashusha pumzi. "Basi atasubiri. Nitakwenda."

Waliondoka saa hiyo hiyo, jua lingali juu, kwa gari la mpwa wa Bi Mwanatumu. Abby alilala chini kwenye kiti cha nyuma na mtoto, amefunikwa khanga, hadi walipopita Mwatate. Elsie alibaki. Alitaka kwenda, lakini mzee alimwambia abaki mahali anapoweza kumwona, naye alikubali.

Jioni hiyo aliketi na simu. Kwenye kile kikundi walikuwamo watu arobaini na wanane, na mmoja wao ndiye aliyeirusha ile picha nje. Huenda alifanya hivyo kwa kicheko tu. Huenda sivyo. Alisoma majina yao moja moja, watu aliopakua nao mizigo na kuombana chumvi, akaona hawezi kumwapia hata mmoja. Kwa hiyo hakuandika habari za Abby. Aliandika hivi: Kesho asubuhi tunakata nyasi wenyewe. Njooni na panga, fyekeo, chochote. Tukimngoja ajenti tutaumwa na nyoka.

Walikuja watu ishirini na kitu, wengi kuliko alivyotarajia. Saa nne hivi upande mzima wa tangi ulikuwa umelala chini, na kifutu mmoja, mnene kama mkono wa mtu mzima, alikuwa ameuawa kwa kelele nyingi. Mzee Muinde alikuwa ndiye aliyetangulia. Alifyeka kama mtu anayelipiza kisasi, bila kupumzika.

Sylus aliingia akiwa na wanaume wawili. Walikuwa wamepita lango na kufika katikati ya kiwanja kabla hawajatambua wanachokiona: uwanja mweupe, jua, watu wenye mapanga mikononi, na kule mwisho kibanda cha pampu mlango wazi, ndani hamna kitu ila pampu kuukuu. Kamba, jiko na nepi vilikuwa vimeondoka jana yake na Bi Mwanatumu.

Alimtafuta Elsie kwa macho, akamwendea. Ile adabu ya jana haikuwapo.

"Ulisema iko vitu hapa."

"Nilidhani ni bangi," alisema Elsie. Sauti yake ilimshangaza kwa kutulia. "Tumefyeka pote. Hakuna. Nilimsingizia mzee wa watu."

"Wapi bibi yangu?"

"Bibi yako? Si ulisema umetumwa kuhusu bustani?"

Watu waliokuwa karibu waliacha kufyeka. Mwanamume mmoja wa jengo la tatu aliuliza huyu ni nani na ameingiaje. Mwingine akasema ni vizuri apigwe picha, na simu tatu zikainuka. Sylus alimgeukia Mzee Muinde. Mzee alikuwa amesimama na fyekeo, jasho linamtiririka.

"Mwalimu," Sylus alisema kwa sauti ya chini, "sura yako nimeishika."

"Na sisi yako," alijibu yule wa jengo la tatu.

Waliondoka bila kukimbia. Pikipiki zao zilisikika hadi barabara kuu, kisha zikapotea kwenye ngurumo ya malori ya Mombasa.

Jumatatu yake mamake Elsie alimpeleka Abby kituo cha polisi cha Wundanyi, akaandikisha malalamiko yake pamoja na cheti cha hospitali cha ule mkono, na zile picha za simu zikatumwa kuonyesha kwamba Sylus bado anamfuata. Aliitwa mahakamani mwezi wa Septemba. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, lakini aliamriwa asimkaribie, na hadi sasa hajaonekana Voi. Elsie hata hivyo hubadilisha njia ya kwenda shuleni, leo hii na kesho ile, na akisikia pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake hugeuka. Kwenye kikundi cha wapangaji alijitoa. Nyasi za Bogenvilia Gardens sasa hukatwa kila wiki mbili. Mzee Muinde humsalimia asubuhi, kwa heshima, na salamu huishia hapo.

Mapumziko ya katikati ya muhula Elsie alipanda Mwanda. Alimkuta Abby ameondolewa plasta, yuko na mama shambani wakipalilia viazi, mtoto amelazwa kwenye kivuli cha mgomba juu ya gunia. Walisalimiana. Mama akawaacha, akasema anakwenda kutia chai.

Elsie alichuchumaa karibu na gunia. Mtoto alikuwa amenenepa, ana mashavu, anatafuna ncha ya khanga.

"Naweza kumshika?"

Abby alisimama na jembe, akamtazama.

"Mshike," alisema. "Lakini kaa hapo hapo, mahali nakuona."